Simu ya Mkononi na Bima: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipia

Msimu wa mavuno unapomalizika na mazao kuuzwa, maduka ya simu katika makao makuu ya wilaya na kwenye magulio hupata wateja wengi. Mkulima aliyeuza mahindi, fundi aliyekamilisha nyumba ya mtu na kijana aliyejiwekea akiba kutokana na bodaboda hufika dukani wakiwa na fedha walizozikusanya kwa miezi mingi. Simu ikishachaguliwa na bei kukubaliwa, muuzaji huuliza swali la mwisho: je, mteja angependa kuongeza na bima?

Swali hilo aghalabu hujibiwa kwa nusu dakika. Wapo wanaokubali kwa kuwaogopa wezi, na wapo wanaokataa kwa kudhani kwamba bima ni njia nyingine ya kumtoza mteja. Makundi yote mawili huamua bila kupima. Somo hili linaeleza namna ya kupima, ili mwananchi anayelipia bima ajue anachokinunua, na anayeamua kuiacha ajue hasara anayokubali kuibeba mwenyewe.

Bima si waranti

Jambo la kwanza ni kutenganisha vitu viwili ambavyo huchanganywa mara nyingi. Waranti ni ahadi ya mtengenezaji au muuzaji kwamba simu ikionyesha kasoro iliyotoka nayo kiwandani katika muda uliotajwa, itatengenezwa au itabadilishwa. Simu inayozimika yenyewe wiki ya pili, au betri isiyopokea chaji tangu siku ya kwanza, ni suala la waranti. Mnunuzi halipii huduma hiyo kando, kwa kuwa imo ndani ya bei ya simu. Waranti haihusiki simu inapodondoka, inapoingia maji au inapoibiwa.

Bima ni mkataba kati ya mtu na kampuni ya bima. Mtu hulipa ada, na kampuni huahidi kumfidia endapo atapatwa na janga lililotajwa katika mkataba, kama vile wizi au kuvunjika kwa bahati mbaya. Bima haimfanyi mtu apate faida kutokana na janga. Lengo lake ni kumrudisha karibu na hali aliyokuwa nayo kabla ya hasara. Kwa sababu hiyo, simu iliyotumika mwaka mzima haifidiwi lazima kwa bei ya simu mpya, kwani kampuni inaweza kupunguza thamani yake kwa ajili ya uchakavu.

Nchini Tanzania, biashara ya bima husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, maarufu kama TIRA, kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kampuni, wakala au dalali yeyote anayeuza bima anapaswa kuwa na leseni. Muuzaji wa simu asiye wakala mwenye leseni, wala asiyetoa hati ya bima yenye jina la kampuni, anapokea fedha za mteja bila kumpa kinga yoyote ya kisheria.

Hasara ipi inastahili kuwekewa bima

Kanuni ya msingi ni hii: bima hununuliwa kwa ajili ya hasara ambayo mtu hawezi kuibeba, si kwa ajili ya kila hasara inayoweza kutokea. Kikombe kikivunjika, hununuliwa kingine. Nyumba ikiungua, familia hulala nje. Kabla ya kulipia bima ya simu, mwananchi anapaswa kujiuliza kama kwake simu iko karibu na kikombe au karibu na nyumba.

Jibu hutofautiana baina ya mtu na mtu, hata kama simu zao zinafanana. Mtumishi mwenye mshahara wa kila mwezi, ambaye hutumia simu kwa mazungumzo na habari, akiibiwa ataumia, lakini anaweza kutumia simu ndogo ya batani kwa miezi miwili huku akijipanga. Mpiga picha za harusi anayepokea oda na kuonyesha kazi zake kwa simu hiyo hiyo hupoteza simu pamoja na kipato cha kila siku anayokaa bila kifaa. Wa kwanza anapoteza kitu. Wa pili anapoteza kazi.

Ni vyema pia kutenganisha kifaa na laini. Mkulima aliyesajiliwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, au mwanachama wa kikundi anayepokea taarifa za mkopo wa halmashauri, huhofia kwamba akipoteza simu atakuwa amepoteza pia haki hizo. Haki hizo haziko ndani ya kifaa. Namba ya simu hurejeshwa kwa mtoa huduma za mawasiliano, mwenye laini anapofika na namba yake ya NIDA na kuhakikiwa kwa alama za vidole. Fedha zilizomo katika akaunti ya simu huendelea kubaki humo, ilimradi mwizi hajaijua namba ya siri. Kwa kawaida bima ya simu hulipia kifaa peke yake. Haifidii fedha zilizohamishwa na mwizi, wala picha na kumbukumbu zilizopotea.

Mfano wa hesabu

Viwango vya ada hutofautiana baina ya kampuni na kampuni. Tarakimu zinazofuata ni za mfano tu, na zimewekwa ili kuonyesha njia ya kukokotoa.

Chukuliwe mama mwenye genge la mboga aliyenunua simu ya shilingi 400,000. Ada ya bima kwa mwaka ni shilingi 40,000. Mkataba unasema kwamba katika kila dai mwenye bima atabeba mwenyewe shilingi 50,000 za mwanzo, na kwamba simu iliyozidi miezi 6 itapunguzwa thamani kwa asilimia 20. Simu inaibiwa mwezi wa 10. Thamani yake baada ya uchakavu ni shilingi 320,000. Ikiondolewa ile sehemu anayobeba mwenyewe, anapokea shilingi 270,000. Kiasi hicho hakifiki 400,000 alizozizoea kichwani, lakini kinamwezesha kupata simu nyingine bila kugusa mtaji wa genge.

Sasa igawanywe fidia hiyo kwa ada ya mwaka: 270,000 kwa 40,000 ni karibu 7. Maana yake ni kwamba mtu anayeibiwa simu mara moja tu katika miaka 7 hulipa ada inayokaribia kulingana na fidia atakayopata. Anayeishi na kufanya kazi mahali penye msongamano, kama stendi au gulioni, na aliyekwisha kuibiwa mara 2 katika miaka 5, ana sababu nzuri ya kulipia. Ambaye hajapoteza simu kwa miaka 10 atalipa zaidi ya anachopokea, na kitu pekee anachokinunua ni utulivu wa moyo. Utulivu huo nao una thamani, mradi mtu aulipie kwa kujua.

Hali ni tofauti kwa simu ya bei ndogo. Simu ya shilingi 120,000 yenye ada ya shilingi 12,000 inaonekana kuwa na bima nafuu. Masharti yakiwa yale yale, thamani baada ya uchakavu ni 96,000, na zikiondolewa 50,000 za mwenye simu zinabaki 46,000. Ada ya miaka 4 ni 48,000, kiasi kinachoizidi fidia yote. Kwa simu ya namna hiyo, fedha ya bima ina matumizi bora kwingineko.

Vivyo hivyo kwa kioo kilichopasuka. Ikiwa fundi anatoza shilingi 60,000 kubadilisha kioo, na mwenye bima anabeba 50,000 za mwanzo, kampuni itachangia 10,000 tu. Wengi hununua bima wakifikiria kioo, kwa kuwa ndicho kinachovunjika mara nyingi, ilhali sehemu hiyo ya mkataba huenda ndiyo isiyowasaidia.

Simu ya mkopo

Lipo kundi moja linalopaswa kuwa makini kuliko mengine yote: wanaonunua simu kwa mkopo na kulipa kidogo kidogo kila siku. Chukuliwe dereva wa bodaboda aliyechukua simu ya shilingi 600,000. Ametanguliza 60,000, na zilizobaki 540,000 atazilipa kwa shilingi 1,500 kila siku kwa siku 360. Siku ya 90 simu inanyakuliwa. Hadi siku hiyo amelipa marejesho ya shilingi 135,000 juu ya kile kitangulizi. Deni lililosalia ni shilingi 405,000.

Wizi haufuti deni. Kama mkataba wa mkopo hauna bima, dereva huyo ataendelea kudaiwa shilingi 45,000 kila mwezi kwa miezi 9 kwa ajili ya simu inayotumiwa na mtu mwingine, na hapo bado hajanunua ya kwake. Hasara hii inafanana na ile ya nyumba. Kwa hiyo mkopaji anapaswa kuuliza mambo mawili kabla ya kuweka dole gumba: je, bima imo katika marejesho? Na je, simu ikiibiwa, fidia italipa deni lote au sehemu yake? Ahadi ya mdomo haitoshi. Jibu linatakiwa lionekane katika maandishi ya mkataba.

Mambo yasiyofidiwa

Sehemu ya mkataba inayopaswa kusomwa kwanza ni ile inayotaja yasiyofidiwa. Malalamiko mengi huzaliwa humo, kwa kuwa mteja hukumbuka aliyoahidiwa na kampuni husimamia iliyoyaandika. Mambo yafuatayo huweza kutolewa nje ya kinga:

1. Kupotea. Simu iliyosahauliwa kwenye daladala imepotea. Simu iliyonyang'anywa kwa nguvu imeibiwa. Mkataba unaolipia wizi si lazima ulipie upotevu.

2. Uzembe. Simu iliyoachwa juu ya meza ya mgahawa au ndani ya gari lisilofungwa inaweza kukataliwa, kwa hoja kwamba mwenyewe hakuchukua tahadhari.

3. Maji. Baadhi ya mikataba hufidia simu iliyotumbukia majini, na mingine haifidii. Kwa wavuvi na wakazi wa kando ya maziwa, mito na bahari, neno hili moja linaweza kuamua suala zima.

4. Uchakavu wa kawaida, mikwaruzo na betri iliyochoka kwa umri.

5. Simu iliyofunguliwa na fundi asiyetambuliwa na kampuni au mtengenezaji.

6. Dai lililochelewa. Mkataba hutaja muda wa kutoa taarifa, na muda huo unaweza kuwa mfupi sana.

Isitoshe, bima hujengwa juu ya uaminifu wa pande zote mbili. Mwenye simu anayetangaza kuibiwa ilhali amempa ndugu yake simu hiyo, au anayewekea bima simu ambayo kioo chake kimekwisha kupasuka, anavunja mkataba na anaweza kukosa fidia yote. Kudanganya ili kulipwa ni kosa la jinai.

Akiba badala ya bima

Kwa mwananchi ambaye hesabu inaonyesha kwamba bima haimfai, kukataa si mwisho wa jambo. Ile ada ambayo angelipa haina budi kuwekwa mahali. Akitenga shilingi 4,000 kila mwezi katika kibubu, katika akaunti ya akiba ya simu au katika kikundi cha kuweka na kukopa, baada ya mwaka atakuwa na 48,000 na baada ya miaka 3 atakuwa na 144,000. Simu ikiwa salama, fedha ni yake. Ikiharibika, hajazi fomu wala hasubiri uamuzi wa mtu.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inaanzia sifuri. Simu ikiibiwa mwezi wa 2, akiba ni shilingi 8,000 tu, ilhali bima ambayo ada yake imekwisha kulipwa huanza kumkinga mtu tangu tarehe iliyoandikwa katika hati. Kwa sababu hiyo, njia moja ya kati ni kukata bima katika mwaka wa kwanza, simu ingali na thamani kubwa, huku akiba ikijengwa pole pole. Kisha mwaka wa pili hesabu ifanywe upya.

Kinga isiyo na ada

Ziko hatua zisizohitaji fedha, ambazo kila mwenye simu anapaswa kuzichukua, awe na bima au asiwe nayo. Ya kwanza ni kubonyeza *#06# na kuandika pembeni namba tambulishi ya simu, maarufu kama IMEI, yenye tarakimu 15. Namba hiyo ndiyo huitofautisha simu moja na nyingine yoyote. Kwa kuitumia, simu iliyoripotiwa kuibiwa inaweza kufungiwa isitumike katika mitandao ya nchini, kupitia mfumo wa rajisi unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ndio mfumo uliotumika Juni 2016 kuzima simu bandia nchi nzima. Mnunuzi anaweza pia kutuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili kujua kama simu ni halisi kabla ya kulipa.

Hatua ya pili ni kudai na kuhifadhi risiti ya EFD. Simu isiyo na risiti ni vigumu kuithibitisha kuwa mali ya mtu, ama mbele ya polisi ama mbele ya kampuni ya bima. Ya tatu ni kuifunga simu kwa namba ya siri au alama ya kidole, na kutoandika kamwe namba ya siri ya fedha ndani ya simu yenyewe.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipia

Mteja ana haki ya kuuliza na kujibiwa kwa lugha anayoielewa. Maswali haya yanatosha kwa sehemu kubwa:

- Kampuni inayobeba bima ni ipi, na wakala ana leseni?
- Ada ni kiasi gani kwa mwaka, na je, imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani?
- Kinga inaanza na kuisha tarehe gani?
- Katika kila dai, mwenye bima anabeba kiasi gani mwenyewe?
- Thamani ya simu hupunguzwaje kadiri miezi inavyopita?
- Je, upotevu, maji na wizi usio wa kutumia nguvu vinafidiwa?
- Taarifa itolewe ndani ya saa au siku ngapi, na kwa vielelezo gani?
- Fidia hutolewa kwa fedha, kwa matengenezo au kwa simu nyingine?

Muuzaji asiyeweza kujibu aulizwe hati ya mkataba. Ikikosekana, mteja asilipe siku hiyo. Simu inaweza kununuliwa leo na bima ikafuatiliwa kesho katika ofisi ya kampuni, ikiwa kampuni hiyo hupokea simu zilizokwisha kununuliwa.

Simu inapoibiwa

Kwanza, mwenye simu aazime simu ya jirani na kumpigia mtoa huduma wake, ili laini na akaunti ya fedha zifungwe. Hatua hii haipaswi kungoja asubuhi. Pili, atoe taarifa polisi akiwa na namba tambulishi, na apewe namba ya kumbukumbu ya taarifa hiyo. Tatu, aijulishe kampuni ya bima ndani ya muda uliotajwa, na kuhifadhi nakala ya kila anachokiwasilisha. Nne, afuatilie kufungiwa kwa kifaa na kurejeshwa kwa laini kwa mtoa huduma.

Kampuni ikichelewesha au ikikataa dai bila sababu inayoeleweka, mwenye bima aanze kwa kulalamika kwa maandishi katika kampuni yenyewe na kuomba jibu la maandishi. Asiporidhika, anaweza kupeleka lalamiko lake TIRA, yenye ofisi za kanda, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Katika kila ngazi, hati ya bima, risiti ya ada na taarifa ya polisi ndizo zitakazomsemea.

Zoezi kwa vikundi

Vikundi vya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kulijadili somo hili katika vikao vyao kwa zoezi moja. Simu ya katibu wa kikundi ina thamani ya shilingi 250,000. Ada ya bima kwa mwaka ni 30,000, mwenye bima anabeba 60,000 katika kila dai, na hakuna makato ya uchakavu katika mwaka wa kwanza. Kikundi kikokotoe fidia iwapo simu itaibiwa, kisha kijiulize ni miaka mingapi ya ada inalingana na fidia hiyo. Jibu ni shilingi 190,000, sawa na ada ya miaka 6 na ushei.

Baada ya hesabu, libaki swali ambalo tarakimu hazilijibu: simu hiyo ikitoweka leo, kazi za kikundi zitasimama kwa siku ngapi, na je, mfuko wa kikundi unaweza kununua nyingine bila kuchelewesha rejesho la mkopo? Kikundi kinachoweza kununua nyingine hakihitaji bima. Kisichoweza, kisome mkataba hadi mstari wa mwisho, kisha kilipie.